Kemia ya Mwaka wa Kwanza Jijini Mwanza: Ugumu wa Haki na Ugumu Usio wa Lazima

Kozi ya utangulizi wa kemia inayofundishwa muhula wa kwanza katika chuo kimoja cha hapa Mwanza ina sifa ya kutisha, na wanafunzi wapya huanza kuiogopa kabla hawajamaliza hata kujisajili. Nimeisoma mwanzo hadi mwisho na kufanya mtihani wake, na maoni yangu ni kwamba ni kozi nzuri, inayostahili ada na jasho lake, lakini ugumu wake ni wa aina mbili ambazo watu huzichanganya. Upo ugumu wa haki, unaotoka ndani ya kemia yenyewe na ambao hauna njia ya mkato. Na upo ugumu usio wa lazima, uliozaliwa na mpangilio wa kozi, ambao chuo kingeweza kuuondoa bila kushusha kiwango cha elimu hata chembe. Anayefikiria kujiunga anahitaji kujua upi ni upi, kwa sababu wa kwanza unadai bidii, na wa pili unadai subira na kujipanga.

Kozi ina mihadhara ya jumla inayokusanya wanafunzi wa fani mbalimbali katika ukumbi mmoja, semina za vikundi vidogo zinazoongozwa na wahadhiri wasaidizi, na mazoezi ya maabara. Kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Mada zinaanzia muundo wa atomu na jedwali la elementi, zinapita katika vifungo vya kikemia, hesabu za moli, gesi, nishati ya mimenyuko na msawazo, hadi asidi, besi na mimenyuko ya kuhamisha elektroni. Waliotoka kidato cha sita kwa tahasusi zenye kemia, yaani PCB, PCM au CBG, huitazama orodha hiyo wakadhani wameshaimaliza. Walioingia kwa stashahada huitazama wakadhani wamechelewa mno. Makundi yote mawili hushangazwa mapema, kwa kuwa majina ya mada ni yale yale ya sekondari ilhali maswali hujengwa ili kanuni iliyokaririwa isitoshe peke yake kuyajibu.

Ugumu wa haki unaanzia kwenye moli. Tangu tarehe 20 Mei 2019, moli moja ni idadi kamili ya chembe 6.02214076 × 10²³, ziwe ni atomu, molekuli au ioni (chembe zenye chaji ya umeme), na fasili ya zamani iliyotegemea gramu 12 za kaboni-12 imeachwa, ingawa kitini tulichopewa kilikuwa bado kinaishikilia. Mwanafunzi akiikariri namba hiyo bila kuelewa kazi yake, wiki za mwanzo humponyoka mikononi. Kiongozi wetu wa semina alituelekeza kwa fikra Mwaloni Kirumba, ambako hakuna mfanyabiashara anayekaa kuhesabu dagaa mmoja mmoja. Hupima kwa ndoo au kwa mizani, na mtu anayejua uzito wa wastani wa dagaa mmoja anaweza kukadiria idadi iliyomo katika gunia bila kulifungua. Moli ni kuhesabu kwa kupima uzito, na mwanafunzi akishalishika jambo hilo, hesabu nyingi zilizoonekana za kutisha hubaki kuwa kuzidisha na kugawanya.

Katika semina hiyo hiyo tulipewa swali la shabu, yaani salfeti ya alumini, inayotumika kusafisha maji. Moli moja ya salfeti ya alumini humenyuka na moli 3 za bikaboneti ya kalsiamu na kutoa moli 2 za haidroksidi ya alumini, yaani ule utando mwepesi unaokusanya tope na kuzama nalo. Tuliulizwa kitendanishi kipi, yaani kipi kati ya vitu hivyo viwili vinavyomenyuka, kitaisha kwanza katika maji yenye bikaboneti kidogo, na nini kitatokea mtu akiendelea kumimina shabu. Jibu ni kwamba utando hauongezeki, maji huzidi tu kuwa na asidi, na ndiyo sababu wasafishaji wa maji huongeza chokaa pale bikaboneti inapopungua. Swali moja la namna hiyo lilinifundisha maana ya kitendanishi kinachoisha kwanza kuliko kurasa zote za kitini, ambazo mifano yake ilitoka katika viwanda ambavyo hakuna aliyekuwa darasani aliyewahi kuviona.

Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kemia, alieleza kwamba somo hili husumbua kwa sababu humdai mtu afikiri katika ngazi tatu: kile kinachoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama zinazoandikwa ubaoni. Mtaalamu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujitambua. Mwanafunzi huachwa nyuma katika mruko wa kwanza. Hapo ndipo mihadhara ya kozi hii inapoanza kuwa na kasoro. Mhadhiri ni mjuzi, anaandaa kazi yake kwa uangalifu na hachoki kuulizwa, lakini slaidi zinakwenda kwa kasi isiyompa msikilizaji nafasi ya kuunganisha utando mweupe ndani ya bika (chombo cha kioo cha maabara) na ioni zilizouunda, na ioni hizo na mlinganyo uliopo ukutani. Semina ndizo zinazoziba pengo hilo. Humo majadiliano huendeshwa kwa Kiswahili ingawa majibu huandikwa kwa Kiingereza, na wengi waliokaa kimya ukumbini hudhihirika kuwa wameelewa zaidi ya walivyodhaniwa. Kama ningeulizwa sehemu moja ya kozi ambayo haifai kukosa hata mara moja, ningetaja semina bila kusita.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilitokea maabara, katika zoezi la magnesi na asidi ya hidrokloriki. Kipande cha utepe wa magnesi chenye gramu 0.0243, ambayo ni moli 0.001, huwekwa ndani ya asidi iliyozidi, na hidrojeni inayotoka hukusanywa juu ya maji ndani ya bureti iliyopinduliwa, yaani bomba la kioo lenye alama za ujazo. Kipande hicho ni kidogo mno kwa mizani ya kawaida, kwa hiyo hupimwa uzito wa utepe mrefu, kisha hukatwa kwa rula sehemu inayostahili. Kila mwanafunzi aliyepita sekondari anajua kwamba moli moja ya gesi ina lita 22.4, na kwa kuwa kila moli ya magnesi hutoa moli moja ya hidrojeni, anatarajia kuona sentimeta za ujazo 22.4. Vikundi vilivyofanya kazi kwa makini vilipata karibu 29.

Tofauti hiyo ni kubwa, zaidi ya robo, na niliona vikundi kadhaa vikiufuta usomaji wao na kuandika 22 na kitu, kwa hofu kwamba wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Namba 22.4 ni ya nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya kilopaskali 101.3, ambayo ni hali ya usawa wa bahari. Hapa tuko kando ya ziwa ambalo uso wake uko karibu meta 1,134 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 88, na maabara yetu ina joto la nyuzi 25 hivi. Mtu akiziingiza namba hizo katika kanuni ya gesi, moli moja inakuwa na lita 28. Akikumbuka tena kwamba gesi iliyokusanywa juu ya maji imechanganyika na mvuke wa maji, ambao katika nyuzi 25 unachukua kama kilopaskali 3.2 za kanieneo yote, ujazo unapanda hadi lita 29. Kwa hiyo sentimeta za ujazo 29 zilikuwa jibu sahihi la Mwanza, na zile 22.4 zilikuwa jibu sahihi la mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesimama.

Mkufunzi wa maabara alisimamisha kazi, akaandika hesabu hiyo ubaoni hatua kwa hatua, kisha akaomba vikundi vilivyofuta virudishe namba zao za kwanza. Aliongeza kwamba maji ya hapa huchemka karibu na nyuzi 96, hivyo kipimajoto kisichofika 100 katika bika linalotokota hakina ubovu wowote. Kwangu, dakika hizo ndizo zilizokuwa na thamani kuliko ada yote ya muhula. Kanuni ya gesi, kanieneo ya mvuke na uaminifu wa kuandika kilichoonekana vilifundishwa kwa pamoja, kwa vifaa vya kawaida, juu ya jambo ambalo haliwezi kunakiliwa kutoka katika kitini kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani.

Na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa kwa chuo. Mwongozo wa maabara hautaji kanieneo ya hewa ya Mwanza mahali popote, na hapakuwa na kipimahewa, yaani kifaa cha kupimia kanieneo hiyo, ukutani. Kikundi kilichosimamiwa na mkufunzi mwingine kilimaliza zoezi hilo bila kuambiwa lolote, na rafiki zangu wa kikundi hicho walikatwa alama kwa kuripoti 29. Ugumu huo hauna faida yoyote. Unamfundisha kijana mwaminifu kwamba usomaji wake hauaminiki, na unampa alama aliyebuni. Ukurasa mmoja wa marekebisho katika mwongozo na kipimahewa kimoja vingetosha kuuondoa.

Titresheni, yaani kupima ukolezi wa mumunyo kwa kuumiminia mwingine unaojulikana hadi vimenyuke kikamilifu, inasimamiwa vizuri zaidi. Haidroksidi ya sodiamu hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, kwa hiyo haiwezi kupimwa tu kwenye mizani na kuaminiwa. Tulifundishwa kwanza kuhakikisha ukolezi wa asidi kwa kaboneti safi ya sodiamu, ndipo tuutumie mumunyo huo kuipima haidroksidi hiyo, ambayo ni besi. Mwanafunzi hutakiwa arudie hadi apate usomaji unaolingana ndani ya sentimeta ya ujazo 0.1, na rangi ya fenoftalini, dawa inayoonyesha mwisho wa mmenyuko, inayokubaliwa ni waridi hafifu inayodumu, si ile iliyokolea ambayo wengi huifurahia. Ukali huo ni wa haki kabisa, kwa sababu anayekwenda kufanya kazi katika maabara ya hospitali, ya maji au ya Mkemia Mkuu wa Serikali hataulizwa kama alikaribia. Lililokuwa gumu bila sababu ni bureti kuwa chache, kiasi kwamba wa mwisho kwenye foleni walianza kazi wakati wa kwanza wakiosha vyombo, na mizani ya kielektroni kusimama kila umeme ulipokatika, kisha kudai kusawazishwa upya. Katika hali hiyo, anayerudia kwa umakini huadhibiwa na saa, na anayekadiria humaliza mapema.

Sehemu ya muundo wa atomu ilinipa kidogo. Obitali, namba za kwanta na mpangilio wa elektroni vilipitishwa haraka kama orodha ya kukariri, na kisa cha kuvutia cha mistari ya rangi katika mwanga wa hidrojeni, ambacho Niels Bohr alikieleza mwaka 1913, kilipewa slaidi moja.

Asidi na besi, kwa upande mwingine, ndizo zilizonifanya niipende kozi hii, na sifa ziwaendee tena viongozi wa semina. Mhadhara ulitupatia kanuni ya kutafuta pH, yaani kipimo cha logariti cha ukali wa asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ya asidi dhaifu kwa mfano wa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Semina ikatuletea sianidi. Katika kanda hii ya dhahabu, kuanzia Geita na maeneo jirani, mitambo ya kuchenjulia hutumia sianidi ya sodiamu kuyeyusha dhahabu iliyomo katika mchanga: atomu 4 za dhahabu huchukua ioni 8 za sianidi, molekuli 1 ya oksijeni na molekuli 2 za maji. Ioni ya sianidi ikipata hidrojeni hugeuka kuwa sianidi ya hidrojeni, asidi dhaifu ambayo pKa yake, yaani pH ambapo nusu yake imeachia hidrojeni, ni karibu 9.2, na ambayo hutoka majini ikiwa gesi yenye uwezo wa kuua. Tuliagizwa tuhesabu ni sehemu gani ya sianidi inakuwa katika hali hiyo ya hatari kwenye pH mbalimbali.

Matokeo yake hayasahauliki. Kwenye pH 9.2 ni nusu kwa nusu. Kwenye pH 11 sehemu ya hatari haifiki 2 katika 100, na kwenye pH 8 inapita 90 katika 100. Chokaa inayomwagwa katika matangi hayo ina kazi ya kulinda uhai wa wafanyakazi, na mtu anayeipunguza ili kubana gharama anabadilisha hewa ambayo wenzake wanavuta. Baadhi yetu tuna ndugu wanaofanya kazi karibu na matangi hayo, na chumba chote kilikaa kimya wakati hesabu inaandikwa. Sijui mfano mwingine unaoweza kumshawishi kijana wa Kanda ya Ziwa kwa nguvu kiasi hicho kwamba logariti ina maana nje ya karatasi ya mtihani. Ingefaa mfano huo uhamie katika mhadhara, ili usitegemee bahati ya kupangiwa kiongozi fulani wa semina.

Kwa sababu hiyo hiyo ninasikitika kwamba ziwa lenyewe halimo katika maabara ya kozi. Njia ya Winkler ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini imejulikana tangu 1888 na haihitaji mashine: chumvi ya manganizi, alkali, iodidi, asidi na titresheni ya thaiosalfeti, vitu ambavyo stoo ya idara inavyo. Maji yaliyoshiba hewa katika nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita katika usawa wa bahari, na kama 7.2 katika mwinuko wetu, kwa sababu kanieneo ya hewa hapa ni ndogo. Zoezi moja kama hilo lingeunganisha gesi, msawazo, mimenyuko ya kuhamisha elektroni na titresheni, na lingewagusa wote ambao familia zao hutegemea sato na sangara, samaki wanaohitaji oksijeni ya kutosha ili waishi. Nimeliandika pendekezo hilo katika fomu ya tathmini ya kozi, nami nalirudia hapa kwa kuwa naamini lingeibadilisha kozi nzuri kuwa kozi ambayo watu wa mikoa mingine wangeifuata Mwanza.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa haki. Maswali yalitoka katika yale yaliyofundishwa, yakiwa yamegeuzwa kiasi cha kumnyima nafasi aliyekariri majibu ya miaka iliyopita, na msahihishaji alitoa alama kwa njia hata pale jibu la mwisho lilipopotoka. Vizio na tarakimu zenye maana vilisahihishwa kwa ukali, na ninaunga mkono. Majaribio ya katikati ya muhula, hata hivyo, yalirudishwa yakiwa yamechelewa mno kiasi kwamba mwanafunzi aliyekosea moli katika jaribio la kwanza aliingia katika jaribio la pili akiwa na kosa lile lile, bila kuambiwa. Wengi waliofanya mtihani wa marudio, ule unaoitwa sapu, waliangukia hapo, na kwa maoni yangu wangeweza kuokolewa na karatasi iliyorudishwa kwa wakati.

Kwa anayejiandaa kujiunga, ningemshauri arudie kwanza uwiano, vipeo na logariti, kwa kuwa anayesitasita katika hesabu hizo hulipia kila wiki. Kama fani yake inamruhusu kuisogeza fizikia muhula wa pili, na aisogeze. Awe na kikundi cha kujisomea cha watu wanne au watano wanaofanya maswali kwa kalamu bila kutazama majibu. Chumba cha kusomea cha chuo hujaa jioni, lakini maktaba ya mkoa ina utulivu mchana. Koti la maabara linunuliwe kabla muhula haujaanza, na kikokotoo kiwe cha kisayansi chenye kitufe cha logariti, kwa sababu simu haziruhusiwi maabara wala katika mtihani. Anayekaa Buhongwa au Mkolani akumbuke msongamano wa Barabara ya Kenyatta asubuhi, kwa maana mlango wa maabara hufungwa maelezo ya usalama yanapoanza. Pamoja na usumbufu huo, zamu ya asubuhi ndiyo ya kugombea, kwani bureti huwa safi na mkufunzi hajachoka. Orodha ya zamu hubandikwa kwenye ubao wa idara wiki ya kwanza, na nafasi za asubuhi huisha siku ile ile.